Nilivyowapatanisha Wapiga Gitaa wa Bwera

Mnisamehe, kisa hiki nitakisimulia vibaya. Mara ya mwisho niliposimulia vizuri nilileta balaa. Kwenye kibanda cha nyimbo, Bwera, ndugu wawili wapiga gitaa wa harusini walikuwa wakigombana. Mama yao akanishika mkono: "Muzee, wewe unajua ile bendi ya kantri ya Amerika. Waambie vile ilidumu, wasiachane."

Nikapanda juu ya kreti. Nikaanza na umaskini wa bendi, nikaja kwenye sifa zake, nikapigiwa makofi, basi nikashindwa kunyamaza: nikaeleza mwimbaji alivyojitoa, akatajirika peke yake.

Kaka mkubwa akabeba gitaa lake. "Asante, muzee. Ule mutu alikuwa na akili."

Wamarekani walihitaji miaka ishirini kuachana. Hawa niliwaachanisha kabla soda yangu haijaisha.