Banda Lililohamia Juani

Ipo asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwanangu, ambayo hainitoki. Nilitoka Rissne, kitongoji cha mji mkuu wa Waswidi, nilikokuwa nikilala kwenye kochi la rafiki, nikabeba mkoba wenye nguo na penseli, nikashika njia kwa miguu bila kujua ninakokwenda. Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la sita, useremala niliuokota mji huu na mji ule, na kila nilipoanza kuzoea mahali, miguu iliniwasha. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure. Nikapita Spånga nikitazama nyumba na bustani za watu, na kufika saa sita nilikuwa Tensta.

Nyuma ya maghorofa nikasikia Kiswahili. Watu kama kumi walizunguka meza wakibishana, Watanzania, Wakenya, Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake. Mimi sijui kupita penye mabishano. Nikasimama.

Mwenyekiti wao, Mkongo aliyeitwa Papa Faustin, akanieleza. Manispaa iliwaazima uwanja ule kwa kiangazi kimoja wajenge banda la wazi, la ngoma, harusi na hadithi, ili watoto wao waliozaliwa huku, wanaowajibu wazazi kwa Kiswidi, wapate pa kukisikia Kiswahili bila kufundishwa. Banda likikaa tupu kiangazi hicho, uwanja unarudi manispaa; likitumika, linabaki. Mchoro ulitakiwa kesho yake, na hakuna aliyejua kuchora.

"Mimi najua," nikasema.

Kweli nilijua, na hapo ndipo penye hatari, maana hata ajuaye hukosea. Kwetu Dodoma kivuli ni mali; anayekupenda hukusogezea kiti kivulini. Basi nikachagua pembe yenye miti mirefu ya magome meupe, nikachora paa pana lililoshuka pande zote, nikachomeka vijiti na kufunga kamba kuonyesha nguzo zitakaposimama. Wakanipigia makofi. Papa Faustin akasema, "Bon, vema, ndugu, wewe ni Mungu amekutuma." Kichwa changu kikawa kikubwa kuliko paa.

Mmoja tu hakupiga makofi. Bi Zuhura, muuguzi mstaafu kutoka Tanga, alikuwa ameketi katikati ya uwanja, kikombe cha chai mkononi, koti amelifunga mpaka shingoni, uso ameuelekeza juani kama alizeti. Nikamwamkia.

"Marahaba. Kijana, ingia kwenye banda lako ukae. Nikimaliza chai, utoke."

Nikaingia ndani ya kamba zangu, nikakaa. Chai yake, mwanangu, ilikuwa ndefu. Kwanza vidole vikafa ganzi, kisha upepo ukapenya katikati ya mashina ukanishika mgongo. Wasichana wawili wakaja kukaa nami, wakaambizana jambo kwa Kiswidi, wakakimbilia juani. Nikainua macho. Wote waliokuwa mezani walikwishahamisha viti kulifuata jua, na hakuna aliyewaambia.

"Umeona?" akasema Bi Zuhura. "Kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Hicho chako kimetoka Dodoma kuja kututia mafua. Sisi jua tunalingojea miezi sita, na likija, wewe unatuficha."

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa shida. Nikachukua mkoba wangu. Ilikuwa desturi yangu, nikiaibika mahali, nahama. Akaniuliza naenda wapi. Nikasema sijui.

"Basi huna haraka. Kwangu ghorofa ya tatu kuna chumba cha binti yangu aliyeolewa, na mzee wangu atapata wa kucheza naye bao. Dirisha linatazama hapa. Angalia watu wanaweka viti wapi asubuhi, wapi jioni, ndipo uchore. Faustin ataomba wiki moja."

Papa Faustin alinung'unika, lakini aliomba, akapewa. Nami nikakaa dirishani siku saba. Banda likajengwa mbali na miti, nguzo zimesimikwa kwa zege, limefunguka kusini, mgongoni lina ukuta wa mbao wa kuzuia upepo, na paa lake linapitisha mwanga. Kiangazi kile halikukaa tupu hata Jumamosi moja, na lipo mpaka leo.

Nakuusia hili, mwanangu. Ukifika kwa watu, usiwajengee kilichokufaa ulikotoka. Tazama kwanza wanapoweka viti vyao. Na ukikosolewa, usikimbilie mkoba. Anayekukosoa kisha akakuonyesha chumba, huyo amekupokea.

Jioni ile ya siku ya kwanza Bi Zuhura alinipa ufunguo na shuka safi, akaniombea maneno ambayo leo nakuombea wewe: Mungu akupe mahali pa kutua, na akupe watu wa kukwambia ukweli kabla zege halijakauka.