Miezi Mitatu Bila Kucheka

Ndugu zangu, niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo akicheka kabla ya mwaka kuisha, nyuzi zinakatika na utumbo unamwagika chini. Niliamini hivyo huku cheti changu cha shule ya usiku kimetundikwa ukutani.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa kubeba. Kule Kyondo nilikuwa nashusha magunia ya kahawa mawili mawili, na mlima ndio uliokuwa unahema. Jioni mimi, mke wangu Masika na binti yetu Biira tulitazama vichekesho vya Mjomba Maboga kwenye simu, tukacheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

Kisha kikatokea kivimbe kwenye kinena, kama yai. Nikilala kinarudi ndani, nikibeba kinatoka. Mwaka mzima nilikisukuma kwa kidole gumba nikinyamaza kwa aibu. Siku moja kikatoka, kikakataa kurudi, kikawa kigumu kama jiwe. Nilitapika chakula cha jana na cha juzi, mpaka yakabaki maji ya kijani. Bodaboda ilinishusha hospitali ya Bwera, na kila shimo la barabara nililihesabu kwa tumbo.

Daktari alinibonyeza mara moja tu. "Ni ngiri. Utumbo umenaswa. Tunapasua sasa hivi."

Nilipoamka nilikuwa na mshono mrefu kama barabara ya Kasese. Sista wa wodi akaniambia, "Ukikohoa au ukicheka, shika kidonda kwa mto." Kila asubuhi aliniuliza, "Umejamba?" Siku ya tatu nilijamba, na wodi nzima ikamshukuru Mungu.

Lakini kwenye kitanda cha jirani alilala askari mstaafu. Sista alipotoka, akanieleza maana ya ule mto.

"Wewe. Usicheke mwaka mzima. Mimi niliona mutu ya kijiji ya Hamukungu. Alicheka mara moja tu, utumbo ikaingia kwenye sahani ya samaki."

"Akafa, afande?"

"Ile samaki hakuna mutu alikula. Usicheke. Hiyo ni amri."

Basi nikarudi nyumbani na uso wa hakimu. Biira akianza kisa, natoka nje. Masika akitania, naangalia dari. Kumweleza sababu sikuweza, maana nilijua angecheka, na Masika akicheka hakuna anayebaki salama. Nyumba ikawa kimya. Mwezi wa tatu Masika akaniwekea tiketi mbili mezani.

"Mjomba Maboga anakuja Kasese Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa maigizo. Baba Biira, kama hata huyu humtaki, basi ni mimi umenichoka. Niambie nirudi kwetu."

Nikapima: utumbo au mke. Nikachagua mke. Nikajifunga kitenge chake chekundu tumboni mara tano, nikavaa koti juu.

Tulikaa mbele kabisa. Mjomba Maboga akatokea na gambuti na tai, akalitazama tumbo langu lililotuna kwa kitenge, akainama. "Mzee, pole. Hiyo ni mimba ya miezi mingapi?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mimi nikabana midomo, nikawaza mazishi, nikawaza mtihani wa hesabu.

"Mwacheni," akasema Maboga, "ameshashikwa na uchungu."

Hapo nikashindwa. Nilicheka kicheko cha miezi mitatu, mpaka Rwenzori ikageuka kutazama. Kitu kikaachia tumboni, kikateleza hadi miguuni. Nikatazama chini: chekundu, kirefu, kimejikunjakunja.

"Masika, shika utumbo wangu."

Masika akainama, akainua kitenge chake. Nikamwambia yote palepale. Alicheka huku analia, akinipiga begani. "Kumbe ni afande. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo zangu."

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, na mke wangu aliyekataa kuishi na hakimu. Nawe mwenye kivimbe unachokificha, nenda hospitali leo, usingoje kigome. Aibu ya kukionyesha ni ya dakika moja.

Jumatatu Masika alinipeleka Bwera kwa sista na kumsimulia kila kitu. Sista akafunua shati, akabonyeza mshono huku na huku, akaosha mikono.

"Kidonda kimepona," akasema. "Mto ulikuwa wa kupunguza maumivu wiki za mwanzo tu. Kucheka hakufungui mshono."