Uso Mdogo Kuliko Punje ya Mtama

Enzi za Mwingereza nilikuwa na chumba cha picha Mukendo, mjini Musoma. Siku moja aliingia mama wa makamo kutoka Kisorya, amefunga picha kwenye pindo la kanga. Binti yake alizama akivuka kwenda Ukerewe, na ziwa halikumrudisha. Picha pekee iliyobaki ilipigwa arusini Bunda. Watu walijaa mbele ya nyumba, na binti alikuwa nyuma kabisa, uso wake mdogo kuliko punje ya mtama.

"Mtoe huko nyuma, mwanangu," akaniambia. "Mlete karibu."

Niliibana picha ukutani kwa kipande cha kioo ili isijikunje. Lenzi yangu haikuweza kuona kitu cha karibu namna ile, kwa hiyo niliisogeza mbele kwa kopo la maziwa, nimelikata pande zote mbili na kulipaka masizi ndani. Lenzi ikienda mbele, kitu hukua, lakini mwanga nao hufifia, na kamera ikitikisika kidogo tu kila kitu kinapotea. Nilifungua dirisha la ubavuni na kutundika shuka jeupe mkabala wake lirudishe mwanga. Kamera niliikaza juu ya sanduku zito la mchanga. Kisha nikajifunika kitambaa cheusi, nikawa nalisukuma sanduku lenyewe taratibu huku nikitazama kioo cha nyuma ya kamera, ambako sura hujitokeza.

Kwanza ulikuja ukungu. Halafu bega la mtu. Halafu yeye.

Mama akaomba kuona. Nikampisha, nikamfunika kitambaa. Akainamia kioo.

"Mbona kichwa chini?"

"Ndani ya kamera kila mtu huonekana hivyo, mama. Kwenye karatasi atakaa sawa."

"Basi ndivyo alivyokwenda majini," akasema.

Akaanza kuzungumza naye kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Sikuelewa neno hata moja. Lakini alikuwa akinyamaza kidogo, kama anayesikiliza, kisha anaitikia, kisha anaendelea. Nikatoka nje nikasimama kibarazani.

Picha ilipotoka kwenye dawa niliona binti alikuwa amegeuza kichwa wakati wa kupigwa picha ile ya arusi. Alikuwa na nyuso mbili, mmoja unatutazama, mwingine, hafifu, umeelekea pembeni. Nilidhani mama ataikataa.

"Ni yeye," akasema. "Alikuwa hatuliagi." Akaweka kidole kwenye ule uso hafifu. "Huyu anamwangalia nani?"

Nilirudi kwenye picha ya arusi nitafute. Upande ule hapakuwa na mtu. Karatasi ilikuwa imeishia pale.

Aliondoka nayo kifuani, sura imegeukia ndani. Habari zikaenea, na watu wakaanza kuniletea marehemu wao, wengine wadogo kiasi kwamba nilipowasogelea walivunjika wakawa vidoa vitupu. Picha nyingine nilizianika nyumbani, Nyasho. Usiku mmoja mke wangu alinyanyuka akazigeuza zote zielekee ukutani.

"Sijui wanataka nini," akaniambia, "ila mimi nimeshindwa kulala."

Sikumbishia. Asubuhi nilizirudisha kwenye chumba cha picha. Kazi yenyewe sikuiacha, ila tangu hapo nikawa nikifika mahali uso unapoanza kujitokeza kwenye kioo, nafunga macho kwanza.