Nani Alikutumia?

Mlinzi wa mlangoni amewaona wengi wakiingia benki roho juu, barua pepe ya kutisha kwenye simu: wezi wananyonya namba za kadi hewani, ipake kadi yako gundi haraka, wajulishe uwapendao! Wote huwaelekeza kwa mama wa dawati la maulizo. Huyo hajapata kumcheka mtu. Huvaa miwani, akaisoma barua ile ile hadi nukta ya mwisho kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, kisha kwa ukucha wa kidole gumba, aliouacha urefuke makusudi, huikwangua gundi kwenye kadi taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba.

"Lakini lisemwalo lipo," mzee mmoja alimbishia juzi.

"Wezi wapo, baba, ila onyo hili ni la uongo. Nani alikutumia? Mpigie, naye apone."

Akamsogezea simu ya mezani, kama afanyavyo kwa kila mtu. Mzee akampigia dada yake, naye akamtaja fundi wake wa nguo. Fundi alipopigiwa, akatoa namba ya mteja wake. Mama wa maulizo akaibonyeza nusu, vidole vikasita. Mlinzi alimwona akivua miwani, akaifuta, akaivaa, akamalizia namba. Alipojitaja tu, sauti ya mama yake mzazi ikavuma hadi mlangoni: "Mwanangu! Umeshapaka gundi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye akainamia simu, kwa upole ule ule anaowapa wote.

"Ahsante kwa kutujali, mama. Onyo hili ni la uongo. Nani alikutumia?"