Mi Yenye Ndoana

Gita la Swabir lilijaa vyuma vya kubania nyuzi shingoni hata wenzake wa bendi ya hoteli wakaliita reli. Gita la kawaida huigawa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, mafungu kumi na mawili. Yeye aliongeza vyuma vipya kati ya vile vya zamani akapata mafungu ishirini na manne, yote sawa. Chanzo kilikuwa Bi Warda, mwimbaji wa taarabu wa Mwabungo, aliyekataa kabisa gita kikundini mwake.

“Gita lenu halina sauti za katikati,” alimwambia. “Ama lanipita juu, ama labaki chini. Naimba na kiziwi?”

Swabir alitamani kiti katika kikundi kile kuliko jukwaa lolote la Diani. Isitoshe, alikasirika. Ni nani waliokaa kikao wakaamua kwamba sauti kumi na mbili zatosha dunia nzima? Mwabungo haikuletewa hata mwaliko! Kwa kuwa noti za vitabu vyake hazikuwa na alama aliyoitaka, alibuni yake: noti ya mi iliyoshushwa robo ya sauti aliichorea ndoana mkiani.

Siku ya kujaribiwa na kikundi cha Bi Warda, Muasya, mpiga besi wa hoteli, alimsindikiza. Swabir alipokwenda kuswali alasiri, Muasya akaona asaidie. Akabana uzi penye chuma kipya, akaupiga; simu yake ya kupimia sauti, isiyojua ila zile kumi na mbili, ikaonyesha nyekundu. Akaukaza hadi simu ikawa kijani. Alifanya vivyo hivyo kwa nyuzi tatu, kisha akachoka.

Swabir aliporejea akapiga mbele ya kikundi kizima. Ukatoka mlio wa mabati yakikokotwa.

“Nani amezigusa nyuzi?”

“Mimi, buda. Zilikuwa wagonjwa, nikazitibu. Simu ilisema.”

“Simu yako imesomea taarabu wapi?”

Bi Warda alicheka hata mtandio ukamteleza. “Haya, tabibu, kaa mbali na mgonjwa.”

Jasho likimtoka, Swabir alimwomba mpiga fidla sauti moja, akazilegeza nyuzi kwa sikio, uzi baada ya uzi. Kisha akaipiga ile mi. Bi Warda hakucheka tena. Akaishika kwa sauti yake, akaivuta, akaigeuza. Gita likawa naye pale pale.

“Kiti kile nyuma ya fidla ni chako,” alisema. “Lakini ukinifunika sauti, nakutoa.”

Swabir alikikalia upesi, kabla Bi Warda hajabadili nia.