Moto Nilionyimwa

Asubuhi ile reli ilipogongwa sikuinuka. Ilikuwa reli ya kweli, kipande kilichookotwa kando ya njia ya Kigoma, wakakitundika mbele ya ofisi ya kijiji, na mwenyekiti alikigonga kwa nyundo kabla jua halijachomoza. Ukikisikia unashika jembe, unatoka. Mimi niligeukia ukutani, nikaweka mikono tumboni, nikasikia miguu ya wenzangu inapita kwenye matope kwenda shamba la kijiji. Mmoja aliuliza kama huyu wa mjini leo amekufa. Wakacheka, wakapita.

Sikuwa nimekufa. Nilikuwa na mimba ya tatu, na mbili za kwanza zilikuwa zimenitoka.

Majina sitayaandika, maana wajukuu wa watu hao wanacheza na wajukuu wangu. Lakini vyeo vyao nitavitaja: mwenyekiti, mume wangu, na mama mkwe. Hao watatu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kuandika huku nimekumalizia kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema kinywani.

Nilizaliwa Tabora mjini, baba akiwa fundi cherehani. Niliolewa na Mnyamwezi wa vijijini, mkulima wa tumbaku na karanga, na tuliishi vizuri kwenye kiambo chake, mbali na watu. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Tulipakiwa kwenye lori pamoja na vyungu na kuku, tukashushwa kando ya barabara ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kwenda pwani. Tukajenga nyumba kwa mistari, mlango kwa mlango. Sikatai kwamba mengine yalikuwa mazuri. Kisima tulichimba wote, na zahanati ya misheni ikawa karibu kuliko zamani. Ila mlango kwa mlango maana yake ni kwamba ukikohoa, kijiji kinajua umekohoa mara ngapi.

Huko zahanati ndiko nilikokwenda damu ilipoanza kuonekana tena. Sista aliyenipima alikuwa mkali, hakuwa na maneno ya kubembeleza.

"Hii inataka ulale," aliniambia. "Usichote maji, usishike jembe, mpaka mtoto acheze na damu iwe imekatika. Halafu urudi nikuone. Ukiona aibu kulala, utalia tena kama ulivyolia."

Kulala nisingeona aibu. Shida ilikuwa kusema kwa nini ninalala. Kule kwetu mimba changa haitajwi. Mimba iliyotajwa imekwisha kuliwa, ndivyo wanavyosema, na aliyenifundisha hivyo ni mama mkwe mwenyewe. Ya pili ilipotoka alinikalisha chini, akaniambia nimeipoteza kwa mdomo wangu, kwa kuwa nilimwambia jirani kisimani. Nikaapa kwamba nikipata nyingine nitafunga kinywa hadi tumbo lijiseme lenyewe. Nilimwambia mume wangu tu. Tukakubaliana kwamba yeye, mwanamume kwa mwanamume, atamwambia mwenyekiti kuwa mkewe anaumwa, bila kutaja ugonjwa. Akasema ndiyo. Akavaa shati, akatoka.

Hakusema neno. Nilikuja kujua baadaye. Alifika ofisini, akakuta watu, akaulizia mbegu za karanga, akarudi.

Baada ya siku chache mwenyekiti akaja mlangoni na watu wake. Mama mkwe alikuwa miongoni mwao. Nilitoka nikiwa nimejifunga khanga mbili, nikasema shikamoo kwa wote, nikaketi kizingitini kwa sababu kusimama sikutaka. Hilo nalo likawa kosa. Mwenyekiti aliongea kirefu, maneno ya redioni: kwamba kijiji hakifugi kupe, kwamba kuna watu wanapenda kunyonya jasho la wenzao, kwamba ubinafsi ni mbegu ya ubepari. Akaniuliza ninaumwa nini. Nikamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama miguu yake.

"Ninaumwa," nikasema.

"Unaumwa uvivu," akasema mmoja nyuma, na wakacheka.

Mama mkwe hakucheka. Alisogea mbele, akasema taratibu, kama anayenionea huruma mbele za watu: "Baba yangu alibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, hakuutua mzigo njiani. Sisi ni watoto wa wapagazi, mwanangu. Hatulali jua likiwa juu."

Nilikuwa na jibu. Nyumbani kwa baba nilisikia tangu utoto kwamba barabara ile imejaa mifupa ya waliokatazwa kutua mizigo. Waliorudi ndio tunaowasikia. Lakini mkwe hajibiwi hivyo, basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa kiburi.

Wakanitenga.

Kutengwa ni jambo la zamani kule, lilikuwako kabla ya mwenyekiti yeyote. Hupigwi, hufukuzwi. Hakuna anayekusalimu, hakuna anayepokea salamu yako, hakuna anayekuchotea maji, na hakuna anayekupa moto. Ukifa wakati huo, ndugu zako watakuzika peke yao. Ili urudishwe, unatoa mbuzi na unga, na unalipikia kundi zima kwa mikono yako, unawanawisha, unawapakulia, kisha wanakusamehe. Yaani ili nisamehewe kwa kulala nilitakiwa kuchota maji ya watu wote, kupasua kuni na kusonga ugali wa kijiji kizima.

Kuhusu moto niseme kidogo, maana vijana wa siku hizi wana viberiti mfukoni. Wakati ule viberiti viliadimika hata dukani. Moto wa asubuhi ulikuwa unauomba kwa jirani: unakwenda na kigae chako, unasema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya kule, naye anakuwekea makaa mawili matatu pamoja na habari za jana yake. Nilipotengwa nikajua kwamba nilichokuwa nikichukua kila asubuhi si makaa peke yake.

Niliburuta gogo la mninga lililokuwa uani, kidogo kidogo nikiwa nimekaa, nikaliingiza jikoni kwenye makaa ya mwisho niliyopewa, nikaliacha lifuke mchana na usiku. Nikaongeza majivu lisiwake sana, nikayatoa lisizime. Ndiyo kazi iliyonibakia. Ninalala, ninaamka, ninaliangalia gogo, ninajishika tumbo, ninarudi kulala. Kwenye ukuta palikuwa na ufa, na kupitia ufa ule niliona nusu ya kijiji.

Niliona shamba la mwenyekiti. Siku za zamu ya shamba la kijiji, kundi lilikuwa linapitishwa kwanza kwake kupalilia, na wake zake wawili wamekaa kivulini wanasukana nywele. Hilo liliitwa kumsaidia kiongozi ili apate nafasi ya kuongoza. Sikusikia mtu akimwita kupe. Nilipokuwa nimelala pale niliwaza sana neno lile, kwa sababu lilikuwa limenichoma. Kupe anakunywa damu ya mwingine. Mimi nilikuwa ninazuia yangu isimwagike. Sikula cha mtu, hata mgawo wangu wa mahindi waliukata na sikudai. Kama kulala kwangu kulimwibia mtu kitu, alikuja lini kunionyesha?

Mume wangu hakutengwa. Walisema kosa ni la mke. Jioni alikuwa anakula kwa mama yake, halafu anakuja kulala akinuka mlenda na samaki wa kukaanga. Mwanzoni alikuwa ananiletea maji kwa siri. Baadaye akaacha.

Mvua kubwa ikaja na upepo, nyasi za paa zikafunuka juu ya jiko, na gogo langu likalowa mpaka ndani. Nilipuliza hadi macho yakaona giza. Asubuhi nikamwomba mume wangu aniletee kaa moja tu kutoka kwa mama yake.

"Nikikuletea moto," akasema, "na mimi watanitenga."

"Na mimi je?"

"Wewe ulijitakia. Ungejikaza kidogo tu."

Alisema kwa upole, hilo ndilo sijalisahau. Akachukua jembe akatoka, na reli ilikuwa haijagongwa.

Kilichoniokoa ni matobolwa, vile viazi vitamu tunavyovichemsha na kuvikausha juani wakati wa kiangazi, vinavyoliwa bila kupikwa. Nilikuwa na kapu zima na debe la karanga. Nilikula hivyo, vigumu kama magome, nikavilowanisha kwa maji ya mvua niliyokinga chini ya paa. Asubuhi nyumba zote zilikuwa zinatoa moshi, yangu tu haitoi. Kutoka kwa mama mkwe mpaka kwangu ni nyumba tatu. Aliona. Sijui hata leo kama hakushuku kwa nini ninalala. Mwanamke aliyezaa mara saba hahitaji kuambiwa mengi. Labda alishuku, akaona kijiji ni kikubwa kuliko mimi.

Siku moja, nimelala chali, mtoto akacheza. Kama samaki anayejipindua kwenye mtungi. Hapakuwa na wa kumwambia. Nikasema kwa sauti, "Karibu," halafu nikalia, na damu ilikuwa imekwisha kukatika.

Nilikwenda kwa sista mwendo wa pole, akanipima, akanikubalia kutembea. Nilimwomba anipelekee salamu mjini kwa mama yangu. Kisha nikaenda kisimani, na khanga nikaifunga chini ya tumbo makusudi. Wanawake waliniona. Kelele zikakatika. Mmoja akafungua mdomo, akakumbuka kwamba nimetengwa, akaufunga. Nikachota kidogo, nikarudi.

Jioni mwenyekiti akatuma mtu aseme kwamba sasa imeeleweka, hakuna ubaya, nitoe mbuzi na unga niwapikie watu, yaishe. Nikajibu kwamba sina kosa la kupikia. Mume wangu akanisihi: ni ugali tu, mke wangu, ni siku moja. Nilijua ni siku moja. Nilijua pia kwamba nikiwanawisha mikono wale watu, nitakuwa nimekubali kwamba mtoto huyu niliwaibia.

Sikupika. Wakaniacha hivyo hivyo mpaka nikajifungua. Mama yangu alikuwa amekuja kwa treni na kiberiti kwenye pindo la khanga yake, akanipeleka misheni, akanirudisha na mtoto wa kike mwenye sauti ya tarumbeta.

Siku tuliyorudi, jioni, mama mkwe akasimama mlangoni. Mkononi ana kigae, juu yake makaa mekundu. Ndiye wa kwanza kuvunja ule utengo, na ninajua haikuwa rahisi kwake.

"Nimeleta moto wa kumwogesha mtoto."

"Shikamoo, mama. Moto unawaka."

Akachungulia, akaona kweli unawaka. Akauliza, sauti chini: "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinifundisha nisiseme. Nikanyamaza, mkagonga reli. Hakuna aliyepiga hodi."

Pengine alingoja nimpishe aingie, ampakate mjukuu wake. Sikumpisha. Akainama, akakiweka kigae kizingitini, akaondoka.

Mwaka ule ule nilirudi Tabora na mtoto, na mume hakunifuata. Binti yangu sasa ni mtu mzima, yuko Kaliua na mumewe. Bibi yake alimwambia kabla hajafa kwamba mama yako ni mwema lakini anajipenda mno. Binti akanisimulia akicheka. Hakujua kwamba kama nisingejipenda, asingekuwapo wa kucheka. Sikumwambia. Ninapika peke yangu, ninakula peke yangu, na kiberiti sikosi.

Ila makaa yale ninayafikiria. Yalikaa pale kizingitini, hayakuguswa na mtu, yakazima moja baada ya jingine. Asubuhi niliyafagia pamoja na majani.