Nukta ya Usiku wa Msiba

Subira sikuzaliwa nayo. Mama alipenda kusema kwamba hata kutambaa nilianza kwa kuelekea mlangoni. Kwa hiyo barua iliponifikia kijijini kwetu Kihanga ikiniomba niitazame nyota moja kila usiku kwa miezi mitatu, alicheka mpaka akakaa chini.

Miaka ya themanini ilikuwa ukingoni. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nina darubini ndogo niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya. Ndiye aliyeniandikia. Chombo kinachozunguka angani kilikuwa kimeona nyota moja, si mbali na kundi la nyota la Kilimia, ikilipuka ghafla kwa miale ya eksirei. Sasa walitafutwa watu wa kuitazama kwa darubini za kawaida, waone kama mwanga wake wa kawaida nao unapanda au unashuka. Unailinganisha na nyota jirani ambazo mwanga wake unajulikana, moja inayoizidi na moja inayozidiwa nayo, kisha unaandika namba na saa. Barua ilikuwa imekaa njiani wiki tano. Nilichelewa kabla sijaanza.

Kila giza lilipoingia nilikuwa uani. Mawingu yakija, nilitembea kutoka jikoni hadi kwenye migomba na kurudi, nikiyatukana. Mama, niliyekuwa nikiishi naye, alisema majirani watadhani nafukuza mbuzi wasioonekana. Usiku usio na namba uliniuma kama jino.

Februari mzee jirani yetu akafariki. Ndiye aliyempa babu miche ya kwanza ya migomba, babu alipoingia kutoka Rwanda, mikono mitupu na watoto nyuma. Kwetu msiba una desturi yake: unakwenda, unalala huko. Tulikuwa tumekaa na mawingu siku nne, na jioni hiyohiyo mbingu ikatakata. Nilimnong'oneza mama kwamba nitachomoka nusu saa tu.

"Wenzetu wanaweza kukosa msiba wakasamehewa," akasema. "Sisi tulikuja. Sisi hatuchomoki."

Nikakaa. Baadaye nikatumwa kuni. Nilipotoka, Kilimia kiliwaka juu ya paa la jiko, na nyota yangu, isiyoonekana bila darubini, ilikuwa hapo kando ikifanya ilichokuwa ikifanya. Nilisimama na mzigo mikononi mpaka mama mmoja akaniita kutoka mlangoni, "Mwalimu, kuni hizo unasubiri ziote?" Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia hata marehemu, Mungu anisamehe.

Usiku uliofuata ulikuwa wa mawingu. Wa tatu, msiba umekwisha, nilikimbilia darubini nikakuta nyota imefifia. Sasa nilikuwa na namba ya kabla ya mawingu na namba ya leo. Nikachukua ya katikati, nikaiandika kwenye usiku wa msiba, nikaiwekea na saa: saa mbili u nusu. Nani angejua? Nikaituma posta pamoja na nyingine zote za kweli.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilipanda ndege. Miezi kadhaa baadaye ikarudi ndani ya bahasha, kwenye grafu yenye nukta za watu wa nchi nyingi. Usiku ule wenzangu wote walikuwa na mawingu. Nukta ilikuwa moja tu, yangu, na yule rafiki yangu wa Ulaya alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu: bila hii, aliandika, tusingejua ilianza kufifia lini.

Nilizunguka uani mchana kweupe. Mwisho nikamweleza mama kila kitu, nikitumaini ataniambia ni jambo dogo. Yeye hakusoma shule. Aliishika karatasi, akaweka kidole kwenye duara jekundu.

"Huu ndio usiku tuliolala kwa mzee?"

"Ndiyo, mama."

"Na inasema ulikuwa nyumbani, unaangalia nyota."

"Ndiyo."

Akanirudishia. "Basi umewaandikia Wazungu kwamba hukwenda kumzika."

Jioni hiyo mbingu ilikuwa safi na darubini sikuigusa. Niliandika barua nikiomba nukta ile ifutwe. Waliokusanya namba walitaka siku zote sababu ya kufuta iwekwe wazi, nami nikaiweka: saa mbili u nusu nilikuwa msibani, nimebeba kuni.